Tishu unganishi ya nyonga si misuli

"Misuli imelegea." Ndilo jibu analopewa mama baada ya mama hapa Uganda akieleza kuwa kizazi kinashuka, iwe ni katika mafunzo ya baada ya kujifungua au kwenye kipindi cha redio. Anafundishwa kukaza na kuachia. Asipopata nafuu, anaambiwa hajakaza vya kutosha, na hapo ndipo ninapoumia.

Tishu unganishi ni nyuzi za protini na seli zinazozitengeneza. Kazi yake ni kushika viungo mahali pake. Katika nyonga ya mwanamke ni ule utando unaozunguka kibofu, uke na puru, pamoja na kano zinazoifunga shingo ya kizazi kwenye mfupa wa chini ya mgongo.

Misuli hutii ubongo: ukiikaza hujikunja, ukiizoesha hunenepa. Kano haiwezi hayo. Nguvu yake yote imo katika mchanganyiko wake. Kolajeni ndiyo protini kuu ya nyuzi hizo. Ya aina ya kwanza ni nene na ndiyo inayohimili mvuto. Ya aina ya tatu ni nyembamba, inanyumbuka zaidi, na ikizidi tishu hutanuka upesi. Elastini, protini nyingine inayovutika kama mpira, huirudisha tishu ilipokuwa baada ya kuvutwa. Mchanganyiko huu haukai ulivyo. Seli huuvunja na kuujenga upya, homoni za ujauzito huulainisha ili mtoto apite, na estrojeni, homoni ya kike, ikipungua baada ya hedhi kukoma, ujenzi huzorota. Wapo pia waliorithi kolajeni dhaifu, hata kama hawajazaa watoto wengi.

Ni kweli misuli na kano hutegemeana. Misuli ikichanika wakati wa kujifungua, uwazi wa chini ya nyonga, ambamo uke hupita, hupanuka na mzigo huhamia kwenye kano. Mama akirudi mapema kubeba jerikeni la lita 20, yaani kilo 20 za maji, kano huvutwa siku baada ya siku hadi zikarefuka. Kano iliyorefuka haifupishwi kwa kukaza.

Mazoezi yaendelee kufundishwa. Yanasaidia mkojo unaovuja na kizazi kilichoshuka kidogo, kwa kuwa misuli imara huzipunguzia kano mzigo. Ila mama aliyefanya mazoezi kwa miezi na bado anahisi uvimbe ukeni apelekwe kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali, apimwe. Huenda anahitaji pete ya kushikilia kizazi, au upasuaji. Asiambiwe tena kuwa ni mvivu.