Kuhudumia soketi nyingi kwa uzi mmoja: maana yake

Ni mtindo wa kuandika seva ambamo uzi mmoja tu wa programu (mfuatano mmoja wa maagizo yanayotekelezwa) unawashughulikia wateja wote waliounganishwa, wawe kumi au elfu kumi. Kila mteja huunganishwa na seva kupitia soketi, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao ambayo programu husoma na kuandikia.

Wengi wakisikia hivyo hudhani kuna ujanja wa kufanya kazi nyingi kwa mpigo. Hakuna. Ujanja uko kwenye kusubiri. Seva ya gumzo yenye watu 5,000 huwa kimya muda mwingi: huyu anasoma, yule kaweka simu mezani kaenda kuoga. Kinachotakiwa ni kuwasubiri wote mahali pamoja.

Soketi ya kawaida haikubali hilo. Ukiita recv, wito wa kusoma data kutoka kwenye soketi, na mteja hajatuma kitu, uzi wako unaganda hapo hapo mpaka baiti zifike, na wengine wote wanangoja. Dawa ya zamani ni kumpa kila mteja uzi wake. Kwa wateja mia inatosha kabisa, na kusema kweli msimbo wake unasomeka kirahisi kuliko huu ninaoueleza. Ila kwenye Linux kila uzi kwa kawaida hutengewa MB 8 za anwani za kumbukumbu kwa ajili ya staki yake, sehemu ambayo uzi hutunzia data zake za muda. Si kwamba RAM yote hiyo inaliwa, lakini nyuzi 10,000 zina gharama, na kerneli, yaani sehemu kuu ya mfumo endeshi, nayo ina kazi ya kuzipokezanisha. Mwaka 1999 Dan Kegel alilipa tatizo hili la kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja jina la C10K.

Njia ya pili ni kuiachia kerneli ulinzi. Wito wa select, uliokuja na 4.2BSD, toleo la mfumo wa Unix, mwaka 1983, unapokea orodha ya soketi, unaulaza uzi, kisha unauamsha soketi yoyote ikiwa tayari kusomwa au kuandikiwa. Kasoro yake ni kwamba orodha inapelekwa upya kila mara, tena kwenye Linux haipokei soketi yenye namba kuanzia 1024. Wito wa poll uliondoa kikomo hicho, lakini orodha nzima bado inakaguliwa. Kwa epoll ya Linux na kqueue ya FreeBSD, unaandikisha soketi mara moja tu, halafu unaletewa zile zilizo tayari peke yake. Programu inabaki kuwa kitanzi: lala, amka, hudumia walio tayari, lala tena.

Wanaoanza hukwama kwenye mambo madogo. Soketi zote ziwekwe katika hali ya kutozuia, ili recv isipokuta kitu irudi na kosa la EAGAIN (maana yake "jaribu tena baadaye") badala ya kuganda. TCP, itifaki inayobeba data kati ya mteja na seva, nayo ni mkondo wa baiti, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Nusu ya ombi ikifika, ihifadhi kwenye bafa (eneo la muda la kumbukumbu), uendelee na wengine. Kwa hiyo kila mteja anahitaji bafa yake na kumbukumbu ya alipofikia. Kuandika ni vivyo hivyo: unaweza kutuma KB 100 zikapokelewa 40, na zilizobaki zisubiri nafasi. Hapo ndipo uombe kuarifiwa soketi ikiandikika. Ukiomba wakati huna cha kutuma, kwenye select, poll na hali ya kawaida ya epoll utaamshwa bila kukoma na prosesa itafika asilimia 100, maana soketi yenye nafasi huwa tayari karibu wakati wote.

Udhaifu mkubwa ni kazi nzito. Redis, programu ya hifadhidata, hutekeleza amri zake kwenye uzi mmoja, na mtu akiita KEYS *, amri ya kuorodhesha funguo zote, kwenye hifadhidata yenye mamilioni ya funguo, kila mteja anasimama. Kazi za namna hiyo, kama kubana picha au kukokotoa hashi ya nywila, hupelekwa kwenye nyuzi za pembeni. Uzi mmoja pia hautumii zaidi ya kiini kimoja cha prosesa kwa wakati, ndiyo maana nginx, seva ya wavuti, huendesha michakato kadhaa, aghalabu mmoja kwa kila kiini, na kila mmoja una kitanzi chake.