Je, Wajua Kwa Nini Tunasema Yupo, Yuko na Yumo?

Ukimuulizia mtu, unaweza kujibiwa "yupo", "yuko" au "yumo". Majibu yote matatu yana maana kwamba anapatikana mahali fulani, ila silabi ya mwisho ndiyo inayoeleza ni mahali pa namna gani: po ni pale mahususi panapojulikana, ko ni upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri, na mo ni ndani. Anayeuliza dukani "sukari ipo?" anataka kujua kama anaweza kuinunua, aliyeshika kikombe cha chai akiuliza "sukari imo?" anataka kujua kama imekwisha kutiwa, na anayesema "sukari iko wapi?" bado anaitafuta.

Mgawanyo huu ni mkongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Wanaisimu huziita PA, KU na MU, zinazolingana na po, ko na mo, ngeli ya 16, ya 17 na ya 18 za lugha za Kibantu, na Mbemba wa Zambia hadi leo huziweka mbele ya jina la nyumba: pa ng'anda, ku ng'anda, mu ng'anda. Kiswahili hutumia kiambishi kimoja tu, -ni, tena mwishoni, hivyo neno "nyumbani" peke yake halibainishi lolote kati ya hayo matatu, mpaka upatanisho uje kulisaidia: nyumbani pake, nyumbani kwake, nyumbani mwake. Ukiambiwa "shimoni mna nyoka", hutatumbukiza mkono.

La kuchekesha ni kwamba "mahali", nomino ambayo ngeli ya PA huitegemea, asili yake ni Kiarabu. Wenyeji waliipokea wakaivika upatanisho wao, mahali pazuri, mahali pengi, na wengine wakaenda mbali zaidi wakasema "pahali".

Katika mazungumzo ya kila siku mo imepungua, kwani wengi husema "yuko ndani" na kueleweka vyema. Po, kwa upande wake, imepanuka hata ikavuka mipaka ya mahali. Tunasema "Mungu yupo" bila kutaja alipo, na watu wawili wasioonana siku nyingi husalimiana "Upo?" "Nipo", wakiwa wamesimama uso kwa uso.