Wangapi walianza darasa la kwanza?

Shule ya msingi yenye wanafunzi 135 na walimu 3 ina hali gani? Ukiisoma kwenye jedwali la wilaya, iko vizuri kabisa. Kiwango cha serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na hapa hesabu imelala sawasawa. Sasa fika shuleni kwenyewe. Kuna darasa la awali, kisha la kwanza hadi la saba. Madarasa manane, walimu watatu, na mmoja wao ni mwalimu mkuu ambaye leo kaitwa halmashauri. Darasa la tano wameandikiwa zoezi ubaoni wakaachwa, mwalimu kakimbilia la pili. Shule ya pale makao makuu ya wilaya, yenye wanafunzi 900 na walimu 15, inasomeka kuwa na upungufu, kwani kila mwalimu ana watoto 60. Lakini kule hakuna darasa linalokaa kutwa nzima bila mtu mbele yake.

Kazi yangu ni takwimu za elimu, na nakiri kwamba jedwali la uwiano ndilo rahisi kuliko yote kulitengeneza. Ndiyo maana linapendwa. Linalofuatia kwa kupendwa ni lile la matokeo ya darasa la saba, ambalo likitoka tu linasambazwa kwenye simu, na kufika jioni kijiji kizima kinajua shule ipi ya kata "imeangusha".

Tulisome hilo la matokeo kwa utulivu. Mtihani una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wastani wa shule ukiwa kati ya 121 na 180, shule ina daraja C. Baraza la Mitihani, NECTA, huonyesha kwa kila shule idadi ya waliofanya mtihani na wastani wao. Neno la kushika hapo ni "waliofanya". Wasiofika kwenye chumba cha mtihani hawamo.

Chukua shule mbili za kubuni, jirani kabisa, kila moja ikiwa iliandikisha watoto 90 darasa la kwanza. Miaka saba baadaye, ya kwanza ina watahiniwa 38 na wamefaulu 34. Ya pili ina watahiniwa 81 na wamefaulu 58. Kwa asilimia, ya kwanza ina 89 na ya pili 72, na mwenye kusifiwa mkutanoni anajulikana. Rudi kwa wale 90. Shule "mbovu" imefaulisha watoto 58 kati yao, shule "bora" 34. Na watoto 52 wa shule bora wako wapi? Wapo waliohama kwa barua, wapo waliokariri darasa, pengine kimefunguliwa kituo shikizi, yaani tawi la shule, kitongoji cha pili. Hayo yote yana kumbukumbu na yanaweza kutolewa kwenye hesabu. Baada ya kuyatoa, wanaobaki ni wale walioacha shule, na hao hakuna wastani unaowataja.

Mambo haya yamekwisha kupimwa nchini kwetu. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza mwaka 2013, shule zilipangwa kwa nafasi ndani ya wilaya zao na orodha zikawekwa hadharani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizifuatilia zile zilizoangukia mkiani. Ufaulu wao ulipanda, na hilo lisidharauliwe, maana hakuna fedha ya ziada iliyotolewa kwa kupangwa tu. Ila idadi ya waliofanya mtihani katika shule hizohizo ilishuka. Mwalimu mkuu anayetishwa na nafasi ya mwisho ana njia mbili za kuinua wastani: kufundisha zaidi, au kupunguza wanaopimwa. Njia ya pili ni ya mkato.

Januari 2023, ikitangaza matokeo ya kidato cha nne, NECTA iliacha kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Wazazi wengi walilalamika. Mimi niliona NECTA imechelewa.

Huko vijijini kuna jambo jingine: udogo wa shule. Ukiwa na watahiniwa 14, watoto watatu wakiugua wiki ile ya Septemba, wastani unaporomoka, na mwakani unapaa bila mwalimu kubadili chochote. Kwa miaka mingi NECTA ilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lao, na ilikuwa busara. Shule ndogo isomwe kwa matokeo ya miaka mitatu au minne yakiwa pamoja. Hata fedha inaiumiza. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazoingia shuleni. Kwa watoto 135 ni shilingi 810,000, yaani 67,500 kwa mwezi, za chaki, ukarabati na mitihani ya majaribio. Bodaboda ya kufuata mitihani mjini haiulizi shule ina watoto wangapi.

Katika wilaya za wafugaji kama Kiteto au Simanjiro, ongeza kiangazi. Familia ikihama na ng'ombe, mtoto yumo kwenye rejesta na hayumo darasani. Hapo omba daftari la mahudhurio la miezi miwili, wa mvua na wa ukame, uyaweke pamoja.

Mzazi anayetaka kujua shule ya kijijini kwake imesimama wapi asimame kwenye kikao cha kamati aulize idadi ya walioandikishwa miaka saba iliyopita. Mwalimu mkuu anayo. Kisha nyumbani ampe mtoto wa darasa la nne kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kipimo hicho hakina gharama, na hakipunguzi watahiniwa.

Hesabu ya miaka saba nayo iko karibu kubadilika. Mtaala ulioanza 2024 unafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Wastani wa mwaka huo haufai kuwekwa kando ya ule wa 2026. Rejesta za kufungua ni mbili: ya walioandikishwa 2021 kwa darasa la saba, na ya 2022 kwa darasa la sita.