Kimraba cha madoa: tengeneza QR yako usije ukalia baadaye

Nianze na aibu ya ofisi yetu wenyewe maana ndiyo imenifanya nikae niandike. Mimi nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja, na msimu mmoja wa udahili tulichapisha vipeperushi 600, karatasi nzuri ya kung'aa, kona ya chini kulia tukaweka QR, ukiskani inakupeleka moja kwa moja kwenye fomu ya maombi. Tuliijaribu kabla ya kuprinti ikakubali, tukaprinti, tukagawa kwenye maonesho, kila mtu kafurahi. Wiki ya tatu simu ya mapokezi ikaanza kulia. Mzazi mmoja anauliza kwa upole kabisa, "mwanangu, mbona hii ya kwenu inaniambia nilipie kwa dola?" Nikachukua kipeperushi nikaskani mwenyewe, nikakuta kweli, ukurasa wa tovuti ile tuliyotengenezea QR, inasema muda wa kutumia bure umeisha, mwenye akaunti alipie ndipo ifunguke. Fomu yetu ilikuwepo salama kabisa mtandaoni. Tatizo lilikuwa kwenye kile kimraba.

Sasa ili uelewe tulikosea wapi lazima ujue QR ni nini hasa, na watu wengi wanaiogopa bure. QR ni maandishi tu. Basi. Ni maandishi yaliyoandikwa kwa madoa badala ya herufi ili kamera iyasome haraka. Ndani yake hamna intaneti, hamna hela, hamna picha. Ukiandika "karibu nyumbani" ukaigeuza QR, atakayeskani ataona "karibu nyumbani" na hatatumia hata bando. Ikiwa kilichoandikwa ni linki ndipo simu inauliza tuifungue? Kwa hiyo swali la kwanza kwa QR yoyote, yako au ya mwenzako, ni hili hili: humo ndani kumeandikwa nini?

Ilianzia Japani mwaka 1994, kwenye kampuni ya Denso iliyokuwa inahudumia viwanda vya magari. Barkodi za mistari, hizi za kwenye sabuni na maziwa ya pakiti, zinabeba herufi kama 20 tu, sasa boksi moja la vipuri linabandikwa barkodi kibao na mfanyakazi anaskani siku nzima mpaka mkono unauma. Injinia Masahiro Hara na wenzake wakatafuta kitu kinachobeba maandishi kwenda kulia na kwenda chini kwa pamoja. Hara mwenyewe amesimulia kwamba wazo lilimjia akitazama mchezo wa Go, ule wa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa miraba. Ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona ndiyo inayoiambia kamera "mimi nipo hapa na juu yangu ni huku", ndiyo maana unaweza kuskani QR ikiwa imepinduka na bado ikasoma. Denso walikuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi, lakini wakaamua wasiidai, kila mtu atumie. Ndiyo sababu hakuna mtu duniani mwenye haki ya kukutoza kwa kutengeneza QR ya kawaida, hapo weka alama. (Na tafadhali msiandike "QR kodi", kuna bibi mmoja alikimbia dirisha letu akidhani tunakusanya mapato.)

Turudi kwenye aibu yetu. QR zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo linki yako imeandikwa humo humo kwenye madoa, ukishaprinti imekaa hivyo milele, haiishi muda, haimtegemei mtu. Ya pili ndani haina linki yako, ina kilinki kifupi cha kampuni iliyokutengenezea, mtu akiskani anapita kwanza kwao halafu wao ndio wanamtupa kwako. Yaani umeweka dalali katikati. Dalali ana faida zake, unaweza kubadilisha unakoelekeza bila kuprinti upya na anakuhesabia wangapi wameskani, kwa biashara kubwa hiyo ni pesa nzuri. Lakini dalali akifunga duka au akidai chake, wewe na vipeperushi vyako 600 mmekwisha. Sisi tulimchukua dalali bila kujua ni dalali, kwa sababu tovuti nyingi za "tengeneza QR bure" zinakupa hiyo ya pili kimya kimya.

Kuigundua ni rahisi. Iskani QR yako kabla hujaprinti na usifungue, soma kwanza simu inaonesha nini. Ukiona anwani yako mwenyewe herufi kwa herufi, ni yako. Ukiona kijina usichokijua chenye vifupisho vya ajabu, kuna dalali humo.

Na wala huhitaji hizo tovuti kwa mambo mengi. Ukiwa kwenye Chrome ya simu umefungua ukurasa wowote, bonyeza shea, kuna sehemu ya QR, inakutengenezea hapo hapo ikiwa na kale kadinosaria kao katikati, unasevu unaondoka. Wi-Fi ndiyo tamu zaidi. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni ukiingia kwenye mtandao uliounganishwa ukabonyeza shea inakuletea QR, mgeni anaskani anaingia, hakuna tena kutajiana pasiwedi mlangoni "herufi kubwa K, halafu sifuri, hapana sifuri siyo o". Na ukitaka kuprinti ya saluni au ya mgahawa, mtengenezaji yeyote wa QR ya maandishi anatosha, unaandika hivi bila nafasi: WIFI:T:WPA;S:SaluniYaMama;P:karibu123;; halafu unageuza. Hiyo S ni jina la mtandao, P ni pasiwedi. Ila kumbuka nilichosema, ni maandishi tu, kwa hiyo yeyote mwenye picha ya hiyo QR anayo pasiwedi yako, usiprinti ya Wi-Fi inayobeba kompyuta ya mahesabu.

Kwa wafanyabiashara wadogo, QR ya WhatsApp naipenda kuliko zote. Unaandika https://wa.me/ ikifuatiwa na namba yako ikianza na 255 ya Tanzania, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Sifuri ndiyo inawaua wengi, mtu anaandika 2550 halafu anashangaa wateja hawaji. Bandika kwenye mfuko wa kufungia keki, kwenye kadi ya fundi cherehani, mteja anaskani chati inafunguka bila kusevu namba. Kuna dada anauza sabuni za maji mtaani kwetu, amebandika kwenye kila dumu, sabuni ikiisha jikoni dumu lenyewe linakuwa kadi yake ya biashara.

Wengine mnaweka menyu au fomu kwenye Google Drive halafu mnatengeneza QR. Sawa, lakini ifungue kwa simu ya mtu mwingine kabisa, siyo yako wala ya mumeo aliyeingia kwa akaunti yako, maana nimeona QR ya ratiba ya msiba, watu wamesimama nje ya nyumba wanaskani, kila mmoja anaambiwa aombe ruhusa kwa mmiliki, na mmiliki yuko makaburini simu kazima.

Kuprinti nako kuna mambo yake. Kimraba kinaweza kubeba hadi tarakimu 7,089, lakini hiyo siyo sifa ya kukimbilia, kadiri unavyoandika mengi ndivyo madoa yanavyokuwa madogo na mengi kama mchele, na kamera ya simu ya bei ya chini inashindwa. Linki fupi inakupa madoa makubwa yaliyotulia. Ukubwa nao, chukua umbali atakaosimama mtu ugawe kwa kumi, akiwa mita mbili basi QR iwe na upana wa sentimita 20 hivi, ya mezani sentimita tatu inatosha. Madoa yawe meusi, chini iwe nyeupe, ukigeuza nyeupe juu ya nyeusi kwa ajili ya urembo kuna simu zitagoma. Na uache nafasi tupu pembeni yote, upana wa madoa manne, mafundi wa steshenari hapo ndipo wanapoharibu, wanaona nafasi tupu wanaweka ua. Au wanaivuta iingie kwenye boksi la tangazo mpaka mraba unakuwa mstatili. Simama naye pale pale, iskani kwenye skrini, iskani tena kwenye karatasi ya kwanza kabla hajabonyeza 600.

Logo katikati unaweza kuweka na hii huwa inawashangaza watu. QR ina akiba ndani yake, maandishi yanaandikwa pamoja na hesabu za kuyafufua yakichafuka, na unapotengeneza unachagua kiwango, cha chini kinavumilia kuharibika kama asilimia 7 na cha juu kama asilimia 30. Ukiweka logo unakuwa umeiharibu makusudi ukitegemea hiyo akiba, kwa hiyo chagua cha juu, na ujue kwamba ikichanika kidogo tena huna akiba iliyobaki. Cha juu ndicho cha kuchagua pia kwa stika ya genge au bajaji, inayokula jua na mafuta. Ingawa ya nyuma ya bajaji sijui nani anaiskani ikiwa kwenye mwendo.

Malipo sasa. Benki Kuu ya Tanzania ina kiwango cha kitaifa kinaitwa TANQR, na Kenya wakatoa cha kwao KE-QR mwaka 2023, lengo ni mwenye duka asijaze kaunta kwa vibao, kibao kimoja kilipwe kutoka mtandao wowote au benki yoyote. QR hii usijitengenezee, unapewa na benki au mtandao wako pamoja na lipa namba. Na mteja, hapa ndipo macho yafunguke. Mwizi hahitaji kudukua chochote, anahitaji stika na gundi. Mwanzoni mwa 2022 polisi wa Austin huko Texas walikuta stika za QR za kitapeli zimebandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho, watu wanaskani wanaingia kwenye ukurasa wa mwizi wanajaza kadi zao za benki. Kwa kwetu huku kinga ni rahisi, kabla hujaweka namba ya siri simu inakuletea jina la anayepokea. Lisome, mwulize muuzaji kwa sauti, "jina linakuja hili, ni nyinyi?" Hatachukia. Na mtu akikutumia QR akisema iskani uweke namba ya siri ili UPOKEE hela, mjue huyo, kupokea hela hakuna namba ya siri.

Nyingine ni ya WhatsApp, ile QR ya kuunganisha kifaa. Mtu anakutumia picha, "skani hii tukuingize kwenye grupu la mkopo". Ukiiskani kupitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa umemfungulia kompyuta yake asome meseji zako zote. Nenda sasa hivi kwenye hiyo sehemu uangalie orodha, usichokitambua kitoe.

Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi ya Tanzania, nayo ina QR, ukiskani inakupeleka kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA, mamlaka ya mapato, ukaone kama risiti yenyewe ni halali na kiasi ni kile ulicholipa. Soma anwani kwanza, ukiacha ile https:// ya mwanzo, iishie tra.go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza. Ikiwa tra.go.tz iko mwanzoni halafu yanafuata majina mengine kabla ya mkwaju, hao siyo TRA.

Na kadi za harusi jamani. Siku hizi kila kadi ina QR yake, pale mlangoni kijana anaskani, ikishaingia mara moja haiingii tena. Mtu akipokea kadi anaitupia status kwa furaha, na picha ya QR ni QR kamili, haina nakala na halisi. Nimekaa mlangoni kwenye harusi moja, shangazi wa bwana harusi kafika na kitenge chake kapendeza, skrini ikasema kadi imeshatumika, mtu alishaingia nayo saa nzima nyuma na wakati huo alikuwa kwenye pilau. Ukitaka kurusha status, funika QR kwanza.

Vipeperushi vyetu je? Vilikuwa vimebaki kama 200. Tukatengeneza QR mpya isiyo na dalali, tukaprinti stika, tukakaa vijana wawili na mimi tunabandika moja moja juu ya ile ya zamani. Maonesho yaliyofuata akaja baba mmoja mezani, akakichukua kipeperushi akakigeuza geuza, akaikwangua stika kwa ukucha, akakuta chini yake kuna QR nyingine. Akakirudisha mezani taratibu, akaniangalia kitambulisho changu shingoni, akaomba nimwandikie anwani ya chuo kwa kalamu.