Mchumi kilimo si bwana shamba

Jitambulishe Umalila, Mbeya, kuwa wewe ni mchumi kilimo, na huenda swali la kwanza likawa: "Mahindi yangu yana viwavi, nipulize dawa gani?" Swali zuri, ila ni la bwana shamba.

Mchumi anakuja na dodoso. Anauliza umelima ekari ngapi, mbolea umenunua kwa bei gani, vibarua walikuwa wangapi, nani nyumbani anashika fedha. Palizi ya mama, ambayo haiandikwi popote, nayo anaihesabu kuwa gharama (au angalau anapaswa). Chukua viazi mviringo: shamba linaweza kustawi vizuri kabisa, lakini vikifungwa lumbesa, lile gunia lenye kilemba, mnunuzi anaondoka na zaidi ya kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Hapo hakuna dawa ya kupuliza. Shida ni kipimo, ni barabara ya masika, ni mkulima anayeuza mapema kwa sababu ada ya shule haingoji.

Na anayesomea fani hii Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ajiandae: hesabu na takwimu zitamtoa jasho kuliko jembe.