Kwa nini pilau haina ladha ukiwa na mafua

Mwenye mafua akiletewa pilau hulalamika kwamba haina ladha. Ulimi wake mzima: chumvi anaipata, ukali wa ndimu anaupata. Kilichopotea ni harufu, na iliki, mdalasini na karafuu huhitaji pua kuliko ulimi.

Jaribu mwenyewe. Changanya sukari na mdalasini wa unga kidogo, bana pua, kisha weka ulimini. Utapata utamu mtupu. Achia pua, toa pumzi, na mdalasini utajitokeza papo hapo. Harufu yake imepanda nyuma ya koo na kuingia puani kwa mlango wa uani.

Vinyweleo na kamasi za mbele huchuja vumbi tu. Kunusa kwenyewe hufanyika juu kabisa, karibu na usawa wa macho, kwenye utando wa sentimita za mraba chache wenye mamilioni ya seli za neva. Ndiyo maana pua ikivimba kwa mafua, hewa yenye harufu haifiki huko. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na kwa kawaida kila seli hubeba aina moja. Harufu moja huamsha aina kadhaa kwa mpigo, na ubongo husoma mchanganyiko huo. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliotangaza ugunduzi wa jeni za vipokezi hivi mwaka 1991, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Nyuzi za neva hizo hupita kwenye vitundu vya mfupa mwembamba kuingia ubongoni. Aliyeanguka na pikipiki akapiga kichwa anaweza kuzikata na asinuse tena. UVIKO-19 ni tofauti: virusi hushambulia zaidi seli zinazozihudumia zile za neva, na wengi harufu iliwarudia.

Inapochelewa kurudi baada ya ugonjwa wa virusi, tunashauri mazoezi ya kunusa: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila kimoja kwa sekunde kama 20, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu au zaidi. Yanachosha, na hayamsaidii kila mtu, lakini hayana gharama kubwa. Usijipime kwa amonia wala dawa ya kuchua yenye mentholi. Mwasho wake hupokelewa na neva nyingine ya uso, kwa hiyo hata asiyenusa kitu atashtuka.

Kama hunusi na unapikia gesi, waambie wa nyumbani. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Ule uvundo huongezwa makusudi ili ikivuja ijulikane, na wewe hautakufikia. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Mapovu yakifura, funga gesi, fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala taa.