Je, wajua kwa nini kompyuta hugoma asubuhi ya baridi Mbeya, kisha ikazimika yenyewe jioni?

Mwambie mtu wa Mbeya kwamba kompyuta yake inazimika kwa sababu ya joto, atakucheka. Joto gani, mwezi wa sita, wakati watu wa Uyole wanatembea na makoti mpaka saa nne asubuhi? Basi lawama zinakwenda kwa virusi, na fundi wa kwanza kuletewa mashine anapiga Windows upya. Wiki haiishi, imezimika tena.

Kupiga Windows kuna wakati wake, lakini kompyuta inayokata ghafla kama imechomolewa mara nyingi ina kifaa kibovu ndani. Kabla ya kununua chochote, angalia mambo mawili: inazimika saa ngapi, na inazimika vipi. Kwa mikoa yetu ya baridi, saa peke yake inaweza kukufikisha nusu ya njia.

Chukua ile inayogoma asubuhi. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka kidogo, inakata. Unabonyeza tena, taa inawaka, inazima. Ukishaisumbua mara kadhaa inakubali, na ikikubali inapiga kazi kutwa nzima. Wenyewe husema inataka kupata moto kwanza, na hawajakosea. Ndani ya pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme) na juu ya madabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya duara vyenye kofia ya bati. Nyingi zina kimiminika cha kemikali ndani, ambacho hukauka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Baridi nayo huongeza ukinzani wake. Kapasita nzima haishtuki na Julai ya Mbeya wala ya Njombe, lakini iliyochoka haiwezi kutuliza umeme wakati wa kuwaka, na madabodi ikiona umeme unayumba inakataa kuendelea. Zikipata joto kidogo, zinajikaza tena.

Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha, umulike kwa tochi ya simu. Kofia ya kapasita inatakiwa iwe bapa. Ikiwa imetuna katikati, au ina ugandogando wa kahawia juu yake, umeshampata mtuhumiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa duniani kote na kuharibu kompyuta nyingi za makampuni makubwa. Mashine za mtumba zinazouzwa leo nyingi ni za baada ya hapo, lakini kapasita nzuri nayo huzeeka. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama umeichomoa: umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa mle ndani unafika karibu volti 325, na kapasita kubwa zinaweza kuushikilia kwa muda. Azima nyingine inayofanya kazi uifunge, uone kama mgomo unakwisha.

Inayozimika jioni ni habari nyingine, na hapa ndipo joto linaporudi. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, huku inasukuma hewa pungufu kwa uzito, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Baridi yetu inafidia hilo, tena inafidia vizuri, kwa hiyo mwinuko peke yake hauui kompyuta. Kinachoua ni vumbi la kiangazi. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, vumbi linaingia na kushonana na nyuzi za zulia kati ya mapezi ya bati yaliyo juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Ukilitoa linabanduka zima kama kipande cha blanketi. Feni inapiga kelele, lakini hewa haipiti. Ongeza kile kitambaa cha kufuma ambacho mama mwenye nyumba ametandika juu ya kasha, tena kimeziba matundu (kinapendeza, sikatai), na prosesa inakaribia nyuzi joto 100 hata kama nje kuna ukungu. Prosesa nyingi zikifika huko hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda hujizima zenyewe zisiungue.

Utalijua joto kwa tabia yake. Mashine inazimika ikiwa kazini, kwenye gemu au video ndefu. Ukiiwasha papo hapo inakata mapema zaidi. Ukiiacha ipoe inarudi nzima. Dawa ni brashi laini na kubadilisha ile pesti iliyo kati ya prosesa na bati lake, ambayo kwenye mashine ya zamani huwa imekauka. Ukipuliza feni kwa pampu, ishike kwa kidole isizunguke hovyo.

Kama inazimika saa moja au saa mbili usiku, na balbu nazo zinafifia dakika hiyohiyo, achana na vumbi. Huo ni umeme mdogo, mtaa mzima umewasha vyombo kwa pamoja. Wimbi moja la umeme wetu, wa hezi 50, huchukua milisekunde 20. Pawa saplai nzima inaweza kuibeba mashine bila umeme kwa milisekunde 16 hivi, na kuukuu hata hizo hazifikishi. Mkatiko ambao jicho lako linauona kama balbu kukonyeza unatosha kuilaza. Ukiweka UPS (betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika) ikatulia, umepata jibu.

Windows nayo huacha kumbukumbu. Ukifungua Event Viewer, daftari lake la matukio, utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power, na wengi wakishaona neno “Power” wanakimbilia kununua pawa saplai sokoni Mwanjelwa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilikata bila kufungwa kwa utaratibu. Sababu halijaitaja.

Skrini ya bluu inayokuja na ujumbe tofauti kila mara inanifanya niishuku RAM kwanza, zile kadi za kumbukumbu ya muda. Chomoa zote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja. Kisha iache programu ya MemTest86 iipime RAM usiku kucha kutoka kwenye flashi. Hata kosa moja ni kosa. Ikiganda badala ya kuzimika, na taa ya diski imewaka bila kupepesa, tazama hali ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ukikuta onyo, nakili picha na nyaraka zako siku hiyohiyo, mengine yatafuata. Saa kurudi nyuma kila ukichomoa waya ni betri ya CR2032 tu, haihusiani na kuzimika.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha RAM na pawa saplai kwa pamoja mashine ikapona, hujui kipi kilikuwa kibovu, na umelipia viwili.

Madabodi ishukiwe mwisho, baada ya vingine vyote kupimwa kwenye mashine nyingine vikaonekana vizima. Kwa mtumba wa miaka kumi na zaidi, bei ya madabodi na ufundi mara nyingi hukaribia bei ya mashine nyingine kamili, kwa hiyo uliza bei zote mbili kabla hujamwambia fundi aendelee.